Amen Mbele ya Kuhesabu

Mimi nilikuwaka mutu wa kubadilisha franga, njo pesa, pale bandari ya Nchelenge, upande ya Zambia, miaka ile zaire, pesa ya Kongo, ilikuwa inaelekea kufa na franc mupya haijafika bado. Bakongomani balituita bakambiste. Siye benyewe hatukuwa na jina ya ile kazi. Bibi yangu, mutu akiuliza niko wapi, alijibu tu «amekwenda ku meza», sababu kazi yote ilikuwa meza moja ya mbao, kiti moja, na mufuko ya unga yenye franga ndani. Mutu anashuka mu bwato na zaire, anataka kwacha. Mwingine amekwisha kuuza samaki yake, anataka zaire ya kurudia nayo Kilwa, ile ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Wewe unakata kidogo yako pale katikati. Njo kazi. Masomo yangu iliishia darasa ya tatu, lakini kutoa na kujumulisha najua hata nikiwa nalala.

Upepo ya pale, siwezi kuisema yote. Franga inaruka, inakwenda kuangukia mu chisense, ile samaki midogo yenye bamama banaanika ku muchanga, na ukiiokota imekwisha kunuka. Benzangu baliweka jiwe juu ya franga. Mimi niliweka kitabu ya nyimbo za kanisa, mugongo yake imeshonwa na uzi ya nyavu.

Nilikuwa shemasi. Si juu ya akili. Ni juu ya sauti, nilikuwa na sauti yenye inafika nyuma ya kanisa bila kusukuma. Tena ni juu ya bibi yangu: yeye alikuwa mutu wa kweli, na batu balifikiri bwana yake lazima naye eko wa kweli.

Sasa ile maombi. Ilianza vizuri, nataka mutu asikie hivyo. Mwanzo ya kazi niliogopa kila kitu: franga ya bandia, bezi, bapolisi ya kuuliza karatasi. Asubui moja mama mumoja wa Kabuta alikuya na franga amefunga mu kitenge, naye anaogopa kuliko mimi. Nikamuambia, «Mayo, mama yangu, tuombe kwanza.» Tukaweka mikono juu ya ile franga, tukaomba. Alilia kidogo, akaenda. Kesho yake alileta dada zake. Vile tu. Hapakuwa na hila ndani.

Hila iliingia nyuma, na sikuiona ikiingia. Kwetu pale, ukikwisha kuomba na mutu, mikono yenu iko juu ya franga moja, mumesema amen pamoja, halafu unaanza kuhesabu mbele ya macho yake, ni kama umemutemea mate. Hakuna mutu mwenye alihesabu nyuma ya amen. Mara ya kwanza kuona vile nilifurahi, juu kazi inakwenda mbio. Mara ya pili nilifurahi zaidi. Nikaanza kuomba hata na batu benye hawakuniomba maombi. Mutu ananyoosha mukono, mimi nimekwisha kufunga macho.

Jirani yangu wa meza alikuwa mwanaume wa kofia ya majani, mwenye hakuingia kanisa yoyote. Yeye alihesabu noti moja moja mbele ya mutu, analowesha kidole mu kifuniko ya mayi, na batu balimukimbia juu ya kuchelewa. Usimufanye malaika, alikuwa anaficha noti yenye kupasuka katikati ya nzima. Alinichokoza kila siku.

«Ba Dikoni, mukwai! Leo mumeuza amen ngapi?»

«Enda kule.»

«Muniazime moja. Nitarudisha na faida.»

Batu balicheka, na mimi nilicheka nabo.

Zaire yangu ilitoka kwa shemeki, kaka ya bibi yangu, mwenye alikuwa anavuka kutoka Pweto na mifuko. Ile zaire ya mwisho haikuwa na nguvu tena. Ukitaka kununua gunia ya muhogo, unabeba karibu gunia ya franga. Kwa hiyo hakuna mutu mwenye alihesabu noti. Tulihesabu liasi, njo mafungu yenye kufungwa na lastiki. Shemeki alikuwa anasali kanisa moja na siye. Akifika, tunaomba. Sasa, tukikwisha kuomba, nitaanza namna gani kufungua liasi ya kaka ya bibi yangu? Niliifinya na bidole tu. Na juma moja bidole iliniambia mbili kati ya zile imekonda. Nilisikia vizuri. Nikaiweka chini ya zingine.

Alikuya ule mama wa Kilwa. Tulimujua bote pale. Alikuwa anavuka na chisense kavu, anaipatia batu ya kinga, njo baiskeli, banaipeleka mbali ndani ya inchi. Bwana yake alipogonjwa, aliweka moteri ya bwato yake rehani kwa tajiri mumoja kule Kilwa. Bwana alikufa, na moteri ilibakia kule. Ule mama alikuwa anavuka ziwa na kafi, yeye na mudogo yake mwanamuke, mikono imekuwa kama mbao. Na tajiri alikuwa amemupa siku ya mwisho: jumamosi. Aliniambia yote hii akiwa anafungua kitenge yake.

«Papa Shemasi, nikikosa jumamosi, anaiuzisha.»

«Hautakosa, Mayo.»

Nikamutolea liasi. Zile mbili ilikuwa ndani, sababu ilikuwa imebakia hizo. Nyuma yake batu bamesimama mustari, na bwato ya Kilwa inaita. Yeye akaikala ku muchanga, akatoa lastiki ya liasi ya kwanza, akalamba kidole, akaanza. Moja. Mbili. Nilimuona. Bidole yangu ilikuwa inajua kitu yenye kidole yake ilikuwa inatafuta. Na niliogopa, si kupoteza zile noti, ingekuwa kidogo. Niliogopa ule mustari uone.

Nikanyoosha mukono juu ya kichwa yake. «Tuombe, Mayo.»

Aliacha kuhesabu. Alirudisha lastiki pole pole, akafunga macho. Niliomba muzuri sana ile siku. Niliombea moteri, niliombea batoto, niliombea hata ule tajiri. Batu ya mustari balisema amen nabo.

Juma yenye kufuata alirudi. Nilimuona kwa mbali akiwa bado anavuta kafi. Alipanda mu muchanga, nguo yake imelowa mupaka mu kiuno.

«Papa Shemasi.»

«Mayo! Umefika. Na moteri?»

«Iko Puta.»

«Puta? Inafanya nini Puta?»

«Inavuta bwato ya mwanaume mwingine.»

Jirani yangu aliacha kuhesabu.

«Liasi mbili ilikuwa na tumbo wazi,» alisema. Hakupandisha sauti. «Tajiri alihesabu mbele ya batu. Aliniita mwizi, batoto yangu banasikia. Nilisema hapana, nimebadilisha kwa mutu wa Mungu. Balicheka, Papa. Niliomba siku moja tu nirudi huku kutafuta yenye kubakia. Alikataa. Ile ile jumamosi aliiuzisha.»

Na mimi, kinywa yangu ikasema, siku hizi bado naisikia ikisema: «Lakini Mayo, juu nini haukuhesabu hapa?»

Aliniangalia.

«Nilianza,» alisema. «Uliniona nimeanza.»

Jirani yangu, mwenye alicheka kila kitu, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Nilimurudishia yenye ilipungua, pale pale, na juu yake kidogo. Aliipokea. Alisema, «Hii ni sawa. Lakini haivuti bwato.» Akaenda kuikala kivulini, akimenya ngozi yenye kufa mu mikono yake.

Nilikwenda kwa muchungaji. Alikuwa mutu mupole, alinipa chai. Alisema sikuiba, nilipitisha tu yenye nilipewa, na Mungu anaona moyo. Halafu aliniomba nisisahau ahadi yangu ya malata ya kanisa, njo mabati ya kufunika juu, sababu upande ya bamama mvua ilikuwa bado inaingia. Upande ya banaume ilikuwa imekwisha kufunikwa, na malata mingi pale ilitoka ku meza yangu. Jumapili niliikala chini yake. Jua ikipiga malata inalia, ta, ta. Nilifikiri kila moja ni batu ngapi benye bamefunga macho. Sikusikia mahubiri.

Nilikwenda kwa shemeki pia. Nilimukuta anakula bukari na samaki ya kukaanga.

«Liasi yako ilikuwa na mapungufu,» nilisema.

«Ulihesabu mbele yangu?»

«Tuliomba.»

«Basi,» akasema, akaosha bidole, akaendelea kula.

Ningemupiga. Lakini ningemupigia nini? Alinijibu na kinywa yangu mwenyewe.

Nyumbani tulikuwa na franga yenye bibi yangu alikuwa anachunga ya malata ya nyumba yetu. Alikuwa anaiweka kutoka ku mikate yenye alikuwa anauzisha, mwaka nyuma ya mwaka, na mimi nikiongeza. Nilimuelezea yote, hata ile ya bidole. Ile ya bidole sikuambia muchungaji. Bibi yangu aliendelea kukanda unga.

«Malata yangu,» alisema.

«Ndiyo.»

«Kamata. Na ukimuona kaka yangu, mwambie asikanyage hapa mupaka nitakufa. Na nikikufa asikuye kulia.»

Nilikwenda Puta, upande yetu ya ziwa, na ule mama kukomboa moteri, mu lori ya samaki, tumeikala juu ya magunia. Hakusema nami mingi. Alikuwa na chikwanga, mukate ya muhogo, mu jani, alinikatia nusu, bila kuniangalia.

Mwenye moteri alikuwa mutu mukubwa wa tumbo, mununuzi wa samaki, naye mukristo, wa kanisa ingine. Alitaka bei kupita yenye alilipa.

«Hii moteri inanguruma kama simba,» alisema.

«Inakohoa kama babu,» mama akajibu. «Naijua. Hapa iligonga jiwe, bwana yangu ndiye alikuwa anaendesha. Hapa tulifunga na waya. Hii kofia si yake, ni ya sufuria.»

«Sasa kama ni mubaya, munaitakia nini?»

«Ni mubaya yangu.»

Alicheka ule mutu, na nyuma ya kucheka bei ilishuka kidogo. Tulipatana. Nilitoa franga ya bibi yangu. Ule mwenye moteri, kwa heshima, alivua kofia yake.

«Nasikia weye ni shemasi. Basi tuombe kwanza, Shemasi, halafu utanipa.»

Mikono yangu ilikuwa imekwisha kuanza kupanda, naapa, yenyewe tu.

«Hapana, papa,» mama alisema. «Ahesabu kwanza. Mungu atangoja.»

Mwanaume alishangaa, aliniangalia mimi, kama nitamukaripia ule mama. Nilihesabu. Jasho iliingia mu macho, noti inashikana na bidole. Nilihesabu mbele yake, nikamupa naye ahesabu. Ilitimia. Sasa aliinama kichwa, anangoja maombi yangu. Nilibakia napangusa jasho. Mupaka yeye mwenyewe aliomba, fupi, vizuri. Mama alisema amen yake. Mimi sikusikia kama nilisema.

Kutoka ile siku sikuomba tena ku meza. Nilihesabu noti moja moja, kama jirani. Mustari yangu ilikonda. Batu balisema shemasi amerudi nyuma, ameacha Mungu, anapenda franga kuliko maombi, angalia anavyoihesabu. Bazee ya kanisa baliniita, baliniuliza juu nini nimeacha ushuhuda mu kazi. Baliniondoa pole pole, kwanza sahani ya sadaka, halafu kiti ya mbele. Sikukasirika nabo.

Ule mama aliendelea kuvuka, sasa na moteri. Alibadilisha kwa jirani yangu. Alinisalimia kila mara, «Papa Shemasi, bibi yuko muzima?», halafu anaenda kusimama mu mustari ya kofia ya majani.

Siku moja jirani alikuwa na malaria. Mama alisimama katikati ya meza zetu mbili, anaangalia ile yake tupu. Halafu alikuya kwangu. Nilimuhesabia mara mbili. Yeye aliikala chini, akatoa lastiki yote, akahesabu tangu mwanzo. Nyuma yake batu balianza kunungunika.

«Mama, bwato inaenda! Unahesabu nywele?»

«Mungoje,» alisema, hakuinua kichwa.

Alimaliza. Ilikuwa sawa. Nilimuangalia uso, na sifichi, nilitaka aseme tuombe. Ningeomba kama zamani, kama mutoto. Kusema mimi, sikuwa na ruhusa tena. Alifunga franga mu kitenge, akapiga fundo, akapiga ingine.

«Bon,» alisema. «Ubakie muzuri, Papa.»

Alishuka mu mayi. Nilikuwa nimehesabu mara mbili, yeye mara moja, na bado niliangalia ile bwato mupaka ilipotea, nikiogopa kwamba akifika kule franga itapungua.