Mkata Macho ya Pweza

Katika idara yetu ya viumbe wa baharini kuna watu wa aina mbili: wanaopanda ndege kwenda kuzungumza juu ya macho ya pweza, na Fundi, ambaye huyakata. Mimi ni karani wa idara. Nimechapa kila walichoandika wale wa kwanza, na nasema bila kupepesa macho kwamba pasipo huyo wa pili wasingekuwa na la kuandika ila barua za kuomba likizo.

Kazi yake ni hii. Hutoa jicho kwenye chupa ya spiriti, hulizamisha katika nta, na nta ikishaganda huikata kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Kila kipande hukibandika juu ya kioo cha hadubini. Ukipiga chafya karibu naye, asubuhi yake nzima umeipoteza. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa, mpaka mgongo umepinda kama ndoana.

Vioo vyake vimepangwa rafuni kuanzia macho duni. Kwanza kuna konokono bapa wa mwambani, ambaye jicho lake ni kishimo tu cha ngozi kinachojua mwanga na giza, basi. Anafuata yule ndugu wa pweza mwenye gamba la mzunguko, ambaye kishimo chake kimefumba mdomo kikabaki kitundu. Picha anaipata, lakini lenzi hana, na maji ya bahari yanaingia ndani. Mwishoni yuko pweza na lenzi yake safi. Pembeni amewatenga wenye vituko: kombe mwenye macho mengi ukingoni mwa gamba, kila jicho na kioo chake cha kuakisi mwanga kwa ndani, na konyeza, yule wa ute unaowasha, wa aina yenye macho ishirini na manne lakini isiyo na ubongo wa maana. Huyo nilipoelezwa habari zake niliuliza yuko kamati gani.

"Hakuna aliyekaa akabuni, dada," Fundi aliniambia. "Kidogo kidogo tu. Aliyeona kidogo alinusurika zaidi kuliko asiyeona kabisa, akazaa. Basi, mamilioni ya miaka, mpaka hapo."

Maishani mwake alitaka kitu kimoja, nacho si kikubwa: jina lake liandikwe. Makala zote za Profesa, mkuu wetu, zimetokana na vioo vya Fundi, na mwisho wa kila makala Profesa hutoa shukrani. Humshukuru mkewe kwa uvumilivu. Mwaka mmoja alishukuru hata mashine ya boti. Fundi, hata mara moja. Kila makala ikiwa tayari, Fundi alikuwa anakuja mezani kwangu kuazima stepla, na wakati wa kuipokea alikuwa anatupia jicho mstari wa majina. Stepla anayo. Niliiagiza mwenyewe. Nilikuwa najifanya natafuta karatasi chini ya meza, kwa sababu sikuweza kumtazama.

Kisha ukaja ugunduzi. Ili uelewe, jicho lako lina kasoro: neva zake hupita mbele ya utando wa kuonea, halafu hutoboa tundu moja kutokea nyuma, na pale kwenye tundu huoni kitu. Samaki naye ndivyo alivyo. Pweza hana kasoro hiyo. Neva zake ziko nyuma tangu mwanzo. Hili wanalijua hata wanafunzi wanaosinzia. Sasa siku moja Profesa akaleta kipande cha jicho la pweza alichokitia nta yeye mwenyewe, wakati Fundi yuko likizoni. Fundi akakata, wakatazama, na neva zikaonekana zimepita mbele! Profesa alicheza, nawaapia, na tumbo likamfuata kwa nyuma kidogo.

"Fundi!" akasema. "Safari hii jina lako linakaa juu kabisa, chini ya langu!"

Fundi akaenda kumwambia mkewe, na mkewe akauambia mtaa. Mama wa watu akanunua fremu ya kutundikia ukurasa ambao haujaandikwa bado.

Wiki iliyofuata Profesa akataka vioo zaidi vya kuwaonyesha wageni. Fundi akafungua chupa iliyoandikwa PWEZA, ile Profesa aliyotolea kipande chake, na kulitoa lile jicho lililomegwa. Nyuma yake hapakuwa na kile kichaka cha nyuzi nyembamba alichozoea kwa pweza. Palikuwa na neva moja nene. Akaja akaketi kwangu bila kuomba stepla.

"Dada, huyu ni samaki."

Mkosaji tulimjua sote wawili. Fundi huandika lebo kwa penseli, kwenye kikaratasi kinachoogelea ndani ya chupa, kwa kuwa penseli haiogopi spiriti. Mwaka jana Profesa aliona vikaratasi hivyo havina hadhi. Akavitoa vyote, akabandika lebo nzuri nje kwa ile kalamu yake ya wino aliyozawadiwa. Spiriti ikamwagika kidogo kidogo, ikala wino, naye akaziandika upya. Kwa kukumbuka kichwani tu.

"Nyamaza basi," nilimwambia, na sioni haya kusema nilimwambia. "Nani atajua?"

"Yeyote atakayekata pweza mwingine."

"Na jina lako je?"

Akainuka kwenda kwa Profesa, nami nikamwacha. Mtoto akililia wembe, mpe. Mlango wa Profesa haufungi vizuri, na mimi pamba masikioni sikuwa nayo.

"Nani aliandika lebo?" Profesa aliuliza.

"Ni wewe, Mzee. Kwa wino."

Nikamsikia Profesa akivuta kiti.

"Lakini aliyekata ni wewe."

"Nilikata nilichopewa, Mzee."

Mnadhani aliaibika? Paka hutua kwa miguu. Haukupita mwezi akaniletea makala mpya ya kuchapa, kuhusu uangalifu katika sayansi, inayosimulia jinsi jicho lake kali lilivyonasa kosa kabla halijauaibisha ulimwengu. Wenzake wa nje walishamwalika kwenda kuisoma.

Fundi akaja kuazima stepla. Mstari wa juu ulikuwa na jina moja. Safari hii hakuishia hapo. Alifunua akisoma kwa kidole mpaka ukurasa wa tatu, palipoandikwa kwamba kosa hilo lilisababishwa na uzembe wa fundi mmoja wa maabara.

Nilingoja atukane. Nilitamani atukane, ningemsaidia.

"Fundi mmoja," akasema taratibu. "Dada, kama kosa wamenipa mimi, jina wangeliandika tu. Lingewapunguzia nini?"

Akarudi kwenye wembe wake. Wageni walikuwa wanakuja saa nane na vioo vilikuwa vinasubiriwa. Mimi nikavuta kiti, nikachapa "fundi mmoja" kama ilivyoandikwa, bila kuongeza neno, kwa sababu na mimi nina kazi ninayoiogopea.