Suruali za Wanyama wa Katuni

Juzi rafiki yangu alinionyesha vitabu vyake vya zamani vya katuni za wanyama, kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki, safi kana kwamba kimetoka dukani leo. Vyangu vya utotoni, tulipoishi Mwadui, havikuwa safi. Baba aliniletea kutoka kazini mgodini, vikinuka grisi, nami nikivitunza chini ya kitanda.

Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni, nyumba nzima ikinukia karanga za kuchemsha. Nikamkuta Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Samuye, ameketi mkekani na vitabu vyangu mapajani. Alikuwa ameishika kalamu yangu kwa ngumi, kama mtu aliyeshika mchi. Sungura, dubu, nguruwe, wote alikuwa amewachorea suruali za buluu.

Nililia hata shikamoo nikaisahau. Nilidhani ananiadhibu kwa kupenda vitabu kuliko kuchota maji.

"Makoti wamevaa, kofia wamevaa, huku chini wako wazi!" alisema Bibi. "Nimewasitiri, mjukuu wangu."

Miaka mingi baadaye Mama aliniambia kwamba kabla ya siku ile Bibi hakuwahi kushika kalamu maishani mwake. Mimi wakati ule niliona mistari iliyopinda tu.

Bibi alinyoosha vidole vilivyochoka, akafunua ukurasa wa mwisho, wenye picha ya wanyama karamuni.

"Na huyu fisi, mbele ya wageni wote hawa, nimwache hivi hivi?"

Nilimtazama yule fisi. Nikafuta machozi, nikaketi karibu na Bibi, nikamshikia karatasi isicheze.