Kijiko Kisicholala

Mgeni alipobisha hodi mimi nilikuwa nimeshakasirika, kwa sababu gesi ilikuwa imekwisha na mbaazi hazijaiva. Nafungua mlango, nakutana na mama wa Kizungu, mvi zake zinazidi zangu, ananiinamia: "Shikamoo." Mimi! Nikaitikia marahaba shingo upande. Akamwamkia shikamoo na mjukuu wangu wa miaka minne, na nadhani hata mbuzi wa jirani hakukosa yake.

Akatoa simu akanionyesha picha ya zamani. Wanawake wawili wamekaa kwenye baraza yetu hii hii ya Ngamiani, mmoja ana cherehani mbele yake, mwingine anacheka na pengo lake la meno ya mbele. Mwenye pengo ni bibi yangu, mzaa mama. Kumbe mgeni alikuwa ameizungusha picha ile barabara baada ya barabara tangu asubuhi, mpaka muuza kahawa mmoja akalitambua pengo.

"Huyu wa cherehani ni bibi yangu," alisema, kwa Kiswahili alichojifunza kwenye simu. "Nimekuja kuchukua kisilale chake."

"Kisi-nini?"

"Kisilale. Cha kulia supu. Nyumbani tuna visilale vingi, lakini kile cha kwanza kiko Tanga. Mama yangu amesema."

Nikajiuma midomo nisicheke. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na neno hilo sijapata kulisikia. Mara mama yangu, ambaye hainuki kitandani bila kushikwa mkono, akapiga ukelele kutoka chumbani: "Mwingize ndani! Huyo ndiye mwenyewe!"

Hapo lazima nieleze. Yule bibi wa cherehani alikuwa Myahudi. Alifika Tanga baada ya Vita Kuu ya Pili, na mumewe akapata kazi kwenye shamba la mkonge. Yeye alipanga chumba chetu cha mbele akawa anashona magauni, na binti yake mchanga alibebwa mgongoni na mama yangu, ambaye naye alikuwa mtoto tu. Binti hajang'oa hata jino la kwanza la utoto, wakahama, wakaenda nchi nyingine. Siku ya kuondoka mshonaji alimpa bibi yangu kopo la biskuti. Akamwambia, safari hii sitaki kuvuka mpaka na vitu hivi, niwekee. Ndani mlikuwa na picha ya watu wa kwao na nyota ya kitambaa cha manjano yenye mashimo ya sindano. Kaka yangu alishika kabisa kwamba ile ni beji ya mpira, mpaka bibi akamchapa kofi. "Mpira gani! Hiyo Mdachi alimshonesha kifuani, apate kujua nani wa kumpiga." Sisi Mdachi tulimjua, Mjerumani wa kwetu, wa reli na kiboko. Kwa hiyo tuliamini palepale, bila kuhitaji mwalimu.

Kopo likawa amana. Bibi alilifukiza udi kila Ijumaa, akafa, mama akaendelea. Mama yangu haogopi malaika wa kutoa roho, anaogopa amana. Miaka hii ya uzee kila akiugua homa anasema, "Nikifa na kopo la watu chini ya kitanda, nitajibu nini mimi?" Na halali usingizi, ananiamsha na mimi tuhesabu vitu viwili vilivyomo.

Kijiko kilikuwa jambo jingine. Hicho mshonaji alimkabidhi bibi mkono kwa mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Hiki kisilale." Basi. Kisilale vipi, kwa nini, hakueleza, gari linapiga honi. Bibi alikaa akafikiri, akatoa hukumu: kijiko hiki kisilale bila kazi. Kikimaliza kazi kwetu kiende kwa jirani, jirani naye akitoe kabla ya magharibi. Na kazi hakikukosa, kwa sababu ukingo wake mmoja umenolewa mkali, hakuna mfano wake kwa kukomba dafu. Hivyo kijiko kimezunguka mtaa tangu mama yangu yu mtoto. Mtu akikuta kimewekwa kwenye kabati la vyombo anagomba kama kaona mwana kaachwa juani.

Kwa hiyo siku mwenyewe alipokuja, kopo lilikuwepo, na kijiko hakikuwepo. Mama alinitazama. "Kiko wapi?"

"Juzi ulimpa muuza mahamri."

"Kalete. Mgeni anarudi hotelini kwake Ushongo alasiri, gari linamngoja."

"Hiyo ya waja leo waondoka leo iache, mama, asubiri."

"Wataka nife na deni? Toka!"

Mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema. Mimi miguu imevimba na kukimbia niliacha na ualimu. Muuza mahamri akaniambia alikipeleka kwa mkwewe mjamzito, kisha kikaenda kwa fundi baiskeli wa kona. Nikafika kwa fundi nahema. "Aa, mwalimu, chuma kile acha tu! Nimeng'olea tairi tatu."

"Umefanya nini?"

"Tairi. Hakijapinda sana."

Astaghfirullah! Nilimtolea maneno ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kuyasikia. Akanielekeza kwa Mama wa Kishambaa, mjane Mlutheri aliyeshuka kutoka milimani zamani na mumewe, wakaishia kwenye mkonge, na sasa anakaa nyuma ya soko. Nikamkuta kibarazani na parachichi mkononi, kijiko kiko katikati ya nyama yake.

"Nipe, mwenyewe kaja."

"Mwenyewe nani? Zamu yangu. Nimekipata asubuhi hii."

"Mama, ni amana ya watu!"

"Basi nami naja nayo. Lakini simwachii mtu kijiko parachichi likiwa nusu."

Akaja. Fundi baiskeli akafuata, kwa kuona haya. Muuza mahamri akafuata kwa udaku wake wa kuzaliwa. Tukaingia chumbani kwa mama kama tunapeleka mahari, na mbele yetu nusu parachichi limesimikwa kijiko.

Mgeni alikuwa amekaa kitandani na nyota mapajani, haigusi. Alipokiona kijiko alisimama. Hakukichukua. Alipitisha kidole kwenye ule ukingo mkali, polepole.

"Bibi alikinoa kwenye jiwe," alisema. "Akate mkate."

Maneno yakawa yanamtoka, mengine Kiswahili, mengine simu inamtafsiria. Bibi yake alifungwa katika kambi ya mateso, yeye na dada zake, na dada hawakutoka. Chakula kilikuwa supu ya maji. Asiye na kijiko aliinama akalamba bakuli kama mbwa. Bandani kwao kijiko kilikuwa hicho kimoja, kikapita mkono kwa mkono gizani. Kikilala mahali, kuna mtu amelala njaa. Na hata uzeeni, mtu akisahau kijiko mezani, bibi yule alipiga kelele neno moja la Tanga: kisilale! Binti yake hakuwa na Kiswahili tena, akaona hilo ndilo jina la kijiko. Mpaka leo nyumbani kwao mtu husema nipe kisilale, nikoroge chai.

Nilikuwa nalia, sina haja ya kusema uongo. Fundi baiskeli alitazama chini, akasema, "Mimi nilijua ni chuma tu."

Mgeni akafuta macho, akaeleza alichokusudia. Kwao kuna jumba la makumbusho, vitu vya Wayahudi wa kambi zile huwekwa ndani ya kioo, watu waone wasisahau. Angepeleka picha, nyota na kijiko.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile nyota kwa ncha za vidole, akaiweka kiganjani mwa mgeni. "Hii kailaze kwenye kioo. Ilale kabisa, isiamke." Akakigeukia kijiko. "Hiki nacho wataka ukilaze?"

Mgeni akatikisa kichwa. Alikuwa ameshalielewa neno.

"Mamako yu mzima? Nilimbeba mimi, alinikojolea mgongo mzima."

"Mzima. Lakini siku hizi hataki kula."

"Basi zamu ni yake," mama alisema. "Mpelekee. Akishiba, ampe mwingine."

"Zamu ni yangu," akaguna Mama wa Kishambaa, lakini alikuwa ameshamsogezea mgeni parachichi. Mgeni akakomba, akala mbele yetu sote, machozi na parachichi vikiingia pamoja, na hakuna aliyecheka isipokuwa mjukuu wangu.

Aliondoka alasiri kama alivyosema. Mama akaniomba nimrudishe kwenye mto. "Nami sasa nilale," akasema, akafumba macho. Msianze kunipa pole: aliamka magharibi akadai chai na mahamri. Lakini alilala, na alikoroma, na chini ya kitanda chake palikuwa patupu.

Wiki iliyofuata ikaja picha kwenye simu yangu. Bikizee, yule mtoto wa mgongoni mwa mama, yuko mezani, bakuli la supu limekwisha, kijiko kakiinua juu. Chini yake mgeni kaandika: "Amekula yote. Anauliza, nani anafuata?"

Nikampelekea mama aione, kisha muuza mahamri, kisha nikaenda nayo nyuma ya soko. Mama wa Kishambaa akavaa miwani, akaitazama sana.

"Mjibu," akaniambia. "Mwambie wa nusu parachichi."