Pamba ya Pudentienne

Shangazi yangu Pudentienne wa Bwegera hakujua kukaa kimya mbele ya kitu asichokielewa. Mwaka 1954, daktari wa Uvira alipomtoa uvimbe titini, maneno yake ya kwanza alipozinduka yalikuwa: "Iko wapi? Minye nataka kuiona." Wakamletea ndani ya bakuli. Akautazama weee, akashangaa kwamba kitu kidogo kama njugu ndicho kilichomnyima usingizi mwaka mzima.

Kidonda kilishonwa, kikafunikwa kwa pamba na bendeji, akaambiwa abaki mjini wiki mbili. Alibaki siku sita. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, na Wabelgiji waliotutawala, waliotulazimisha kuilima, hawakuwa na masihara na shamba lisilovunwa. Akapanda lori, huyoo, akarudi kuvuna.

Siku kumi baadaye tulimrudisha Uvira anachemka kwa homa, nyuzi zimeachia upande mmoja, usaha unatoka. Daktari alichungulia, akasema ikiwa hivyo hadi Jumamosi, titi lote litakatwa. Shangazi aliogopa. Baadaye alikana, lakini mimi nilikuwepo.

Hofu haikumzuia kuuliza. Kila asubuhi muuguzi Sylvestre alipokuja kuosha kidonda, maswali yalimwagika. Usaha unatengenezwa wapi? Mbona upande huu umefunga na ule umekataa? Mwisho akaazima kioo, ajionee mwenyewe.

Ijumaa ni yeye aliyekiona.

"Muganga, iko kitu cheupe mule ndani."

Sylvestre akaingiza koleo ndogo, akavuta polepole. Kikatoka kibonge cha pamba kilicholoa, na ndani yake kipande cha mbegu.

"Mama, hii si pamba ya hapa. Ya hapa haina mbegu. Weye ulitia nini?"

"Ile yenu ilichafuka. Nikatia ingine, ya shamba yangu. Nilichuma minye mwenyewe, muganga, haikugusa chini hata kidogo."

Alisema kwa kujivuna kabisa. Mimi niliona aibu hadi nikatazama dirishani.

Sylvestre hakumgombeza. Alimpeleka chumba cha nyuma, akamwonyesha pipa la chuma linalofuka mvuke, humo pamba hupikwa ili kuua vijidudu kabla ya kugusa kidonda cha mtu. Shangazi akalizunguka lile pipa mara mbili. Akauliza pamba hukaa humo muda gani, na kama sufuria ya nyumbani ingefaa.

Kidonda kikasafishwa, zikafuata sindano za penisilini. Jumamosi homa ilikuwa imeshuka, na daktari akapita bila kutaja kisu. Nilifurahi nikalia.

Wiki tatu baadaye tulirudi Bwegera. Kando ya barabara magunia ya pamba yalikuwa yamepangwa yakingoja kupimwa. Shangazi aliyatazama njia nzima bila neno, hata nikadhani homa imerudi.

"Miaka kumi ninavuna hii kitu kwa lazima," akasema. "Walituambia siku ya kupanda, siku ya kuchuma, na fasi ya kuipeleka. Hakuna muntu hata mumoja alituambia inapikwa."