Jina Chini ya Picha ya Mkate

Nyumba ya Muaither, nje kidogo ya Doha, ilikuwa na ukuta mrefu na geti ambalo sikuwahi kulifungua bila ruhusa. Kenya nilifundisha kompyuta shule ya msingi. Doha nikaja kufua na kupika. Siku ya kwanza madam aliniita kwa jina la dada Mwindonesia aliyenitangulia. Nikamsahihisha. Akasema watoto wameshalizoea. Miaka miwili ikapita hivyo, nami nikawa kama ndoo mpya iliyowekwa pale ilipokaa ya zamani. Iliniuma kila siku.

Binti yao mkubwa alipewa kazi ya shule kuhusu mikate ya nyumbani. Alipakua picha, nami kwa ujuaji wangu nikamwambia aandike chini yake: chanzo, intaneti. Mwalimu wake akairudisha. Intaneti haijawahi kushika kamera, alisema. Atafute picha zenye leseni huria, ambazo wenyewe wameruhusu zitumike, na amtaje aliyezipiga. Niliona haya, mwalimu mzima mimi.

Tukatafuta upya. Mikate ilikuwepo ya kila aina, lakini si ule mwembamba aliouchoma bibi yake mwezi wa Ramadhani. Basi nikampiga bibi picha akiuchoma tena, kwa tableti ya binti, mikono tu, maana uso wake hakutaka uonekane.

Binti akaniambia tableti ni yake lakini picha ni yangu, ndivyo walivyofundishwa.

"Unaniruhusu niitumie?"

Humo ndani mwombaji ruhusa nilikuwa mimi, hata ya kutoa taka nje. Nikasema naruhusu, yeye na mwingine yeyote, mradi nitajwe.

"Jina lako hasa ni nani?"

Nikamtajia yote matatu, herufi moja moja. Akayaandika chini ya picha.

Jioni madam aliipitia ile kazi kabla ya kupelekwa shule. Akayasoma majina yangu kimoyomoyo, akauliza huyu ni nani. Binti akaninyooshea kidole. Nilisimama na sinia mkononi, nikingoja ayatamke, hata kwa kukosea.

Alisema picha imetoka vizuri. Kisha akaniita kwa jina la yule Mwindonesia, nimwongezee chai.

Binti alinitazama. Nilikuwa nimeshaitika.