Nilifuta Sauti ya Marehemu, Nikamsingizia Mkwe Wangu

Ndugu msomaji, usinionee huruma. Kosa ni langu. Nusu yake ni ujinga, nusu ni roho mbaya, na wote mliokuwa Muleba siku ile mjue kwamba niliwadanganya.

Mimi ni mzee wa Rwamishenye, hapa Bukoba. Shule niliishia darasa la nne, lakini nimerekodi kwaya tangu enzi za kanda. Walutheri, Wakatoliki, wote wamekohoa mbele ya maiki zangu! Mashine yangu ya kurekodia ni ya zamani, nyimbo zinakaa kwenye diski iliyomo ndani yake. Ukitaka kuzitoa unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na kompyuta lazima iwe na draiva, yaani kile kiprogramu kinachoifanya ielewane na mashine. Bila hicho vinatazamana tu kama wakwe waliogombana.

Ndani ya mashine hiyo alikuwamo rafiki yangu wa Muleba, mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi sisi Wahaya. Aliimba ukoo wake mzima, babu kwa babu, akamalizia kwa kumtaja binti yake, Kemilembe. Sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote duniani. Kisha akafariki.

Kemilembe akaniambia, "Baba, siku ya kuanua matanga nataka wajukuu wamsikie babu yao. Nikutegemee?"

"Nitegemee!" Mdomo wangu huo.

Kompyuta yangu ya chogo, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, ilikuwa imekufa. Binti yangu akaniletea mpya, nyembamba kama sahani. Nikachomeka mashine. Kimya! Nikatafuta pa kuingizia sidii ya draiva, hakuna pa kuingizia! Nikaazima kisomea sidii. Draiva ikakataliwa, ati ni ya zamani mno. Nikabadili waya, nikabadili tundu, nikaitukana kwa Kihaya maana Kiswahili nilijifunzia shuleni na mwalimu hakutufundisha matusi.

Sasa, mume wa binti yangu huyo ni fundi kompyuta, wanakaa Kemondo. Simpendi. Alimchukua binti kwanza, akaja kujitambulisha baadaye, tena na rubisi, pombe yetu ya ndizi, chachu kama siki! Kaka yangu aliionja akaenda kuimwaga migombani, na ile migomba sina hakika kama ilifurahi. Haya, tuyaache.

Akaja. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Mke wangu."

"Basi katengeneze kompyuta ya mke wako."

Akatabasamu, akainama kutazama. "Baba, draiva ya mashine hii kwa kompyuta mpya haipo. Tutafute kompyuta ya zamani, itaisoma. Ila nakuomba, hii ikiiona diski bila kuielewa ikakuuliza kama iifomati, kataa. Chomoa waya."

"Unanifundisha mimi? Nilishika waya baba yako akichunga mbuzi!"

"Sawa, baba."

Hakufika hata barabarani, nikaichomeka tena. Likatokea dirisha la Kiingereza. Neno la kufomati nililijua. Mafundi simu wa hapa mtaani kwetu, simu ikiganda wanaifomati na inafufuka. Na zaidi ya hapo, yeye alisema nikatae. Basi nikakubali! Kwa hasira tu, ndugu yangu. Nikabonyeza.

Diski ikawa tupu. Hata jina la wimbo halikubaki!

Ningempigia simu. Sikumpigia. Ningekufa kwanza! Kesho yake kulikuwa na kwaya, mashine ikaomba kuiandaa diski upya, nikakubali tena, nikarekodi toka asubuhi mpaka jioni ili mtu asijue imepatwa na nini.

Siku ya matanga, Kemilembe akanipa kwa mikono miwili kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni kwetu. "Baba, sauti iko wapi?"

Nikamnyooshea kidole mkwe wangu mbele ya umati. "Muulize huyo. Aliigusa mashine, ikafutika."

Kwetu mkwe habishani na baba wa mkewe mbele za watu. Nilijua! Ndiyo maana nilisemea pale. Akaangalia chini.

Mzee mmoja akadakia, "Kwanza aliiba binti, sasa kaiba na marehemu!" Watu wakacheka. Akaondoka bila kugusa ndizi wala samaki. Binti yangu akamfuata, na tangu hapo nikipiga simu yake inaita tu.

Wiki zikapita, nikaitwa Muleba kwa Kemilembe, niende na mashine. Nakuta mkwe kapata kompyuta ya chogo kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Nyanga, kaibeba mpaka huko aitafute ile sauti. Sebule imejaa wale wale wa matanga. Nikakabidhi mashine. Ningekataaje?

Akaweka draiva, akachomeka. Ikaisoma papo hapo, shetani ile!

"Ipige tusikie," Kemilembe akasema.

Kikatoka kikohozi. Changu. "Moja, mbili. Moja, mbili. Soprano, sogeeni!" Wimbo wa pili, mimi tena. Wa tatu, mimi.

Mkwe akaniuliza taratibu, "Baba, ilipofutika, ulirekodi juu yake?"

"Kwaya. Siku nzima."

Akafumba macho. "Kufomati kulifuta orodha tu. Nyimbo zilikuwa bado mle. Ungeniambia siku ile ile, tungejaribu kuzirudisha. Kwaya ndiyo imezifunika."

Ndugu, nikapiga magoti. Nikasema yote: dirisha, kitufe, uongo. Hakuna aliyecheka safari hii.

Kemilembe alisimama mlangoni. "Wewe mzee," akasema, yeye aliyekuwa ananiita baba, "umemzika baba yangu mara ya pili, ukamshikisha mwenzio jembe." Akaingia ndani. Kahawa hakuleta.

Mkwe akanishika mkono akaniinua. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane! Akanifuta vumbi magotini, akaenda kukunja nyaya.

Nisikilize basi, wewe uliyebaki na mashine ya zamani na kompyuta mpya. Ikikuuliza swali usilolielewa, chomoa waya, umtafute anayejua, hata kama humpendi. Mimi wangu bado simpendi, nisikudanganye tena. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, na mashine usiiguse. Kuna wajukuu Muleba watakaokua bila kujua babu yao alikuwa na sauti ya namna gani, na siwezi kuwaigizia.