Nyani Waliojua Maana ya Baragumu

Yule nyani dume mwenye sikio lililochanika alinitazama huku akila mahindi ya mama yangu. Nilikuwa karibu naye, jembe mkononi, kanga kiunoni, nikimfokea. Hakuinuka. Alimenya taratibu, akauma, akalitupa lile hindi likiwa bado na nusu ya punje, akavunja jingine. Huku kwetu Vudee kila mtu anajua kwamba nyani humkimbia mwanamume na kumdharau mwanamke, ila kulijua jambo hilo ni kitu kimoja, na kudharauliwa ndani ya shamba la mama yako ni kitu kingine. Siku ile nilimwekea kisasi.

Mahindi yenyewe hayakuwa mengi. Vuli ilikuwa imetukatalia, na kila kilichopandwa kwa kutegemea mvua kilikauka kingali kifupi. Ilibaki mistari michache kando ya mfereji, na humo mama alikuwa amepanda mbegu yake yote. Ni mbegu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa, mahindi mafupi yenye punje nyekundu na nyeupe, yanayovumilia jua. Kila mwaka huchagua yaliyo bora na kuyaning'iniza juu ya meko yapate moshi. Mwaka huu hapakubaki hata moja mekoni. Nyani wakiimaliza ile mistari, mbegu ya mama imekwisha duniani. Mama hakulisema hilo, lakini kila asubuhi alikwenda kuyatazama mahindi kabla hajawasha moto.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa na huruma, ila aliielekeza kwingine. "Nao wana njaa, mwanangu," aliniambia. "Miti ya msituni haizai kama zamani, na moto umekula upande mzima wa mlima. Unataka waende wapi?" Nilijua hayo yote. Mimi mwenyewe nilikuwa nikishuka korongoni kutafuta mboga ya mnavu, nakuta nyani wameshapita na kung'oa hadi mizizi. Kuyu zilizoanguka chini ya mkuyu tulizigombea, wao asubuhi, mimi jioni. Njaa ilikuwa yetu sote, na sikuwanyima haki yao ya kuwa na njaa. Lakini mbegu ilikuwa ya mama.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuelewa walijuaje. Ukikaa shambani kutwa nzima huwaoni. Ukiondoka tu, wamefika. Jibu nililipata asubuhi moja ya msaragambo. Msaragambo kwetu ni kazi ya wote: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, watu wanapanda kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi. Bila ndiva hata ile mistari ya mama isingekuwepo. Siku hiyo nilichelewa kwa sababu jembe langu lilichomoka mpini. Baragumu lililia, watu wakaanza kupanda, nami nikiwa nyuma ya zizi nagongagonga mpini nikaona matawi ya miti iliyo juu ya shamba yanatikisika. Walikuwa wanateremka bila haraka, majike na watoto wao mgongoni, na yule mwenye sikio lililochanika ametangulia. Baragumu waliloliacha mababu liite watu kazini, siku hizi linaita nyani mezani. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, hilo nililijua tangu utotoni, ila sikujua kwamba walaji nao wanapigiwa baragumu.

Niliwafukuza kwa kelele na mabonge ya udongo, na sikumwambia mtu nilichokiona. Msaragambo uliofuata nilitoka na jembe begani, nikasalimia watu njiani ili nionekane, kisha kwenye kona ya mfereji nikainama na kurudi kupitia migombani. Nilikuwa nimeficha hapo koti refu la marehemu baba, kofia yake, na kombeo alilolisuka mwenyewe kwa katani. Nikavaa, nikalala kati ya mahindi. Koti lilikuwa bado linanuka tumbaku yake. Walipofika niliwaacha waingie. Nilimwacha dume avunje, amenye, aume, atulie. Ndipo nikasimama.

Jiwe la kwanza lilimpata ubavuni. Aligeuka na dharau yake ileile, akaliona koti, na safari hii alikimbia. Watu husema nyani haoni kundule. Mimi nililiona siku ile, likipanda mlima mbio, na nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Jioni mzee anayesimamia mfereji alikuja kudai faini, kwa kuwa nyumba yetu haikutoa mtu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo mmetutupa."

Faini ni jogoo. Mama yangu ni mtu wa kubishana na muuza chumvi hadi muuza chumvi aombe radhi, lakini jogoo alimkamata mwenyewe na kumkabidhi mzee bila neno. Nilishangaa, maana alikwisha kuliona koti la baba na kujua nilikokuwa. Mama ameimba kwaya ya Walutheri tangu usichana wake, amemsamehe hata aliyesogeza mpaka wa shamba letu, na mimi amenilea kwa kunikumbusha kwamba kisasi ni cha Bwana.

Baragumu lilipolia tena, nyani hawakuja. Nikajiona nimeshinda. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, tukakuta sehemu ya mahindi imelala chini, maganda yametapakaa hadi kwenye mfereji. Walikuwa wameacha baragumu na kushika kengele ya kanisa. Mama alisimama katikati ya uharibifu ule na kitabu chake cha nyimbo kwapani.

Jumapili iliyofuata kengele ilipolia sikuvaa gauni. Nilivaa koti, nikangoja kuambiwa kwamba hiyo ni dhambi. Mama alinitazama juu hadi chini, akanifunga kifungo nilichokisahau, akaenda kusali.

Za mwizi arobaini. Dume alikuja mbele ya wenzake, akakaa juu ya ukingo wa tuta, akizitazama nyumba moja baada ya nyingine hadi aliporidhika kwamba ni tupu. Nilingoja anyooshe mkono kwenye hindi. Jiwe lilimpata hapohapo mkononi, akapiga ukelele, akapanda mlima akichechemea, na kundi lote likamfuata. Sikumwonea huruma, na hadi leo simwonei.

Mama alirudi jua likiwa utosini. Nikamuuliza mahubiri yalihusu nini.

"Kusamehe," alisema. Akaweka kitabu chini, akayatazama mahindi yaliyosimama. "Umempata?"

"Nimempata mkono."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Ndio huo anaovunjia," alisema mama, akaniambia nilete kikapu tukavune mbegu.